Gari Lililokunywa Maji Safi

Weka kiganja chako juu ya pua ya gari, injini ikiwa inanguruma. Kama kazi ni yangu, utahisi mkono unavutwa chini, ngozi inanyonywa, halafu injini inakohoa na kuzima. Isipozima, ujue kuna mahali inaiba hewa. Panapopita hewa patapita vumbi, na panapopita vumbi patapita maji. Jaribio hilo nililifanya mbele ya wenye magari wengi wa Mbale, na sikuwa naweka mkono wangu. Nilikuwa namwambia mwenye gari apande juu ya bampa aweke wa kwake. Watu wazima, wengine na tai shingoni, walipanda, wakaweka mkono, gari likazima, wakashuka wakiangalia kiganja chao. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi.

Pua ni lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ili gari la fowili, lile linaloendeshwa na magurudumu yote manne, livute hewa kutoka juu hata likizama mpaka kwenye taa. Kwenye makaratasi ya kiwandani lina jina lake. Gereji tuliliita pua, na kila mtu alielewa.

Shule niliiacha darasa la nne. Nikaingia gereji moja ya Jinja, si mbali na kambi ya jeshi, kazi yangu kuosha vyuma kwa dizeli. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata pale, nimelala chali chini ya malori ya askari, grisi ikinidondokea usoni. Nyumbani kwetu Mpumudde, mtaa wa hapo hapo Jinja, mama hakukipenda. Kwake kilikuwa lugha ya mtu anayekusimamisha barabarani na bunduki. Kwangu kilikuwa lugha ya spana namba kumi na saba. Fundi mkubwa wa gereji ile, Mwislamu wa hapo hapo Jinja aliyezeekea ndani ya injini, alinifundisha yote aliyoyajua, na mengine nikajifundisha. Nilipohamia Mbale mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na sanduku moja la vifaa. Haikupita miaka mitano nikawa na gereji yangu upande wa viwanda, paa la bati, mashimo mawili ya kuingilia chini ya gari, mafundi wawili niliowaajiri, na nyumba Malukhu ambayo si ya kupanga. Nayataja haya kwa sababu ni ya kweli. Pia bila hayo hutaelewa kwa nini mdomo wangu ulikuwa mkubwa namna ile.

Mbale ni mji mzuri kwa mtu anayefunga pua. Kiangazi, barabara za udongo zinazochepuka kutoka njia ya Soroti zinatoa vumbi laini kama unga wa muhogo, linaingia mpaka ndani ya soksi. Mvua zikianza, maji ya mlimani yanashuka yote tambarare, na barabara inakuwa mto usio na kingo. Watu wanaogopa maji kwa sababu yanaua injini mara moja. Mimi niliwaambia waogope vumbi. Vumbi linaua kama ugonjwa wa ndani: gari linapungua nguvu kidogo kidogo, linakula oili, moshi unageuka bluu, na mwenyewe anamlaumu aliyemuuzia.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Nalifungua bomba lote, kila kiungo, hata kile kinachoonekana kizima. Nasafisha midomo yake kwa petroli mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Nakata ukanda wa mpira kwenye tyubu ya lori. Ya baiskeli ni nyembamba, ukikaza inachanika. Nazungusha ukanda pale bomba linapoingia kwenye bodi, napaka silikoni, nakaza klempu mbili mahali ambapo kiwanda kiliweka moja. Halafu nangoja mpaka kesho. Kulikuwa na mafundi waliowasha gari silikoni ikiwa mbichi, ikavutwa ndani kama kamasi. Mwisho nageukia kichujio, lile debe lililo chini ya boneti lenye karatasi ya kukamata vumbi, na kifuniko chake nakiwekea mpira mpya. Kwa kazi hiyo sikuwa na mwenzangu kutoka Tororo mpaka Soroti. Aliyesema anaye, nilimwambia amlete.

Mtu aliyeniletea gari ninalotaka kulieleza tulimwita Afande. Jeshi alikuwa ameliacha zamani, ila jina lilibaki naye. Alikuwa dereva wa ofisi moja ya afya pale mjini, ofisi iliyopeleka chanjo na wauguzi kwenye vituo vya tambarare. Mtu wa kaskazini, mrefu, kichwa kimenyolewa mpaka mvi zikaonekana kama majivu yaliyopulizwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha alilizunguka gari akigusa nati za magurudumu moja moja, bila haraka, mpaka wauguzi wakamzoea na wakaacha kulalamika. Sikuwahi kusikia amegonga hata kuku.

Ofisi ilitaka gari lifungwe kabla ya mvua. Nilifanya kazi yangu yote kama nilivyoeleza, Afande amekaa juu ya tairi kuukuu ananitazama. Nilipofika kwenye debe la kichujio, niliona chini yake, kwenye kona, mdomo wa mpira. Ni kitu kidogo, urefu wa kidole gumba, midomo miwili iliyobanana kama ya bata. Huo wa gari lile ulikuwa umezeeka na kukakamaa, midomo imeachana kidogo. Nikachukua silikoni.

"Fundi, hiyo usifunge," Afande alisema. Akainuka, akaingiza mkono, akaibana ile midomo kwa vidole viwili. Vumbi kidogo likadondoka kiganjani mwake. "Mimi kila asubuhi nabana hii. Inatapika uchafu."

Nilimwambia tundu ni tundu. Gari likizama mpaka kwenye taa, debe hili litakuwa chini ya maji, na tundu hili liko chini kabisa ya debe. Tufunge juu kote, tuache mlango chini?

"Na maji ikiingia kwa juu, itatokea wapi?"

"Haitaingia, Afande. Ndiyo kazi unayoniona nafanya."

"Mvua iko juu," alisema.

Mafundi wangu walicheka, na mimi nikacheka. Nilimwambia jeshini walizoea malori ya zamani, hili ni gari la siku hizi; yeye ashike usukani, spana aniachie mimi. Alifuta kiganja kwenye suruali akarudi kukaa juu ya tairi lake. Nikaujaza ule mdomo silikoni, nikauzungushia mpira wa tyubu, nikafunga kwa waya. Kwa uzuri wa kazi, hata leo nikiifikiria, ilikuwa nzuri.

Kesho yake mkuu wa ofisi alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa shule nyingi, mwepesi, shati la mikono mifupi lenye kalamu mbili. Na mimi aliongea Kiganda. Kiswahili alikitumia kwa Afande tu, na alikitumia kama filimbi. Nikampandisha kwenye bampa. Aliweka kiganja, gari likazima, akacheka, akarudia mara ya pili. Hapo ndipo nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniomba niyaseme. Nikamwambia gari hili haliwezi tena kunywa maji, labda dereva alipeleke ziwani. Mkuu alicheka zaidi. Afande alikuwa anakunja kitambaa.

Mvua zilikuja kwa nguvu mwaka ule. Gari lilipita kwenye maji yaliyofika kwenye vishikio vya milango, likatoka upande wa pili linapumua. Wauguzi waliwasimulia watu, na watu wakaja kwangu. Kulikuwa na wiki ambayo magari sita yalisubiri pua nje ya gereji, nikawa naingia kazini natembea taratibu ili niyaone yote.

Jumanne moja mchana likaletwa na trekta, linavutwa kwa mnyororo. Afande alikuwa ndani ameshika usukani, uso wake umekauka. Injini haikuzunguka hata kwa kusukuma. Mkuu alifika nyuma yao kwa gari jingine, na alianza kuongea kabla ya kufunga mlango.

Alivyoeleza Afande ni hivi. Walikwenda kituo kimoja cha tambarare, wakavuka maji salama, wakafika. Mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika na njia ikafunga. Wauguzi wakalala kituoni, gari likakaa nje limeelekea upande unaotoka mvua, kwa sababu ndipo palipokuwa na mawe ya kusimamia. Siku ya nne akaliwasha, likawaka. Akalipandisha kile kilima kidogo cha kutoka kituoni. Hakuwa ameingia majini hata kidogo. Likapiga mara moja, kama nyundo kwenye jiwe, likanyamaza.

Mkuu alinyoosha kidole kwenye milango. Trekta lilikuwa limewavuta kupitia maji yale yale, na tope limeganda mpaka juu ya vishikio. Aliuliza tope lile limetoka angani? Kisha akanigeukia mimi. Alisema wewe fundi uliniambia gari hili haliwezi kunywa maji, labda lipelekwe ziwani. Nimeweka mkono wangu mwenyewe. Je, kazi yako ina kasoro?

Ningeweza kusema tufungue kwanza tuone. Fundi yeyote angesema hivyo. Nilisema, "Kazi yangu haina kasoro."

Basi, mkuu akasema, maji yamepitia juu ya paa, na aliyeyapeleka huko ni mmoja. Akamwambia Afande kwa Kiswahili atoe funguo. Ijumaa kikao cha ofisi kitakaa, na asitegemee kuendesha tena gari la ofisi ile. Alikuwa amebakiza miaka miwili apumzike kwa heshima. Afande alizitoa funguo mfukoni, akazifuta, akampa kwa mikono miwili. Mimi hakunitazama. Angenitazama ningepata la kumjibu.

Walipoondoka nilifungua. Nilitoa nozeli, nikazungusha krenki kwa mkono, maji yakaruka kutoka silinda ya tatu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, kama tulivyozoea kuonja ili kujua maji ni ya rejeta au ya nje. Yalikuwa ya nje. Halafu nikafungua debe la kichujio.

Lilikuwa na maji nusu. Yalikuwa safi. Ungeona chini ya debe, ungeona namba ya kiwanda iliyochorwa kwenye chuma. Maji ya mafuriko ya tambarare ni kama chai ya maziwa, yana majani, yana mbegu za nyasi, yana wadudu. Haya yalikuwa ya mvua. Yalikuwa yameingia tone kwa tone kupitia kichwa cha pua siku tatu, yakashuka kwenye debe, yakatafuta njia ya kutoka, yakakuta silikoni yangu. Gari lilipoinua kichwa kupanda kilima, debe likalala, injini ikameza.

Nilisimama na lile debe mikononi. Mafundi wangu walikuwa shimo la pili wana gari jingine. Nililimwaga. Ardhi ya gereji ilikuwa imelowa tayari kwa mvua, hivyo hata alama haikubaki. Kisha nikawaambia naenda Jinja kutafuta rodi ya pistoni, maana iliyokuwemo ilikuwa imepinda kama kidole cha mzee. Ilikuwa kweli rodi inahitajika. Pia ilikuwa kweli kwamba rodi ile ningeipata Mbale, duka la tatu kutoka kwangu.

Jumatano nililala kwa dada yangu Mpumudde. Nilimweleza habari za gereji, magari sita nje na mengine, akafurahi, akanipikia samaki. Kuhusu Afande sikusema kitu. Alhamisi nikachukua bodaboda mpaka gereji yangu ya zamani. Fundi mkubwa alikuwa bado yuko, amekaa kwenye kiti cha gari kilichotolewa, macho yamepungua, anatambua nati kwa vidole. Nilimsalimu, tukaongea ya afya na ya watoto. Halafu nikamwambia kuna fundi mmoja wa Mbale, amefunga gari vizuri sana, ila ule mdomo wa mpira chini ya kichujio nao ameufunga, sasa watu wanabishana kama amekosea.

"Ameuziba?" mzee aliuliza.

"Kwa silikoni, Mzee. Na waya."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Maskini gari. Mmemfunga pua, mkamfunga na kule chini."

Waliokuwepo wakacheka naye. Alipotulia alinieleza polepole, kama zamani. Injini ikivuta, ile midomo inajibana yenyewe, hata ikiwa ndani ya maji haiingizi. Injini ikizima, inaachia, na kilichomo kinadondoka, vumbi au maji. Pua yoyote inaingiza mvua kidogo, na aliyeitengeneza alijua, ndiyo maana akaweka mdomo ule. Mpira ukikakamaa unabadilisha mpira.

"Mwambie huyo fundi wako aukate leo," alisema. Alikuwa ameshika mkono wangu wakati anaongea, wazee wa pale ndivyo wanavyoongea, na kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya kucha zangu. Silikoni kavu haitoki kwenye kucha kwa sabuni. Alipita kucha moja, ya pili, ya tatu. Aliuachia mkono, akaniuliza kama nimekula.

Nilinunua rodi, nikapanda gari la jioni. Njiani nilitafuta maneno. Mimi maneno hayanipungukii, mtu yeyote wa Mbale atakwambia. Niliyoyapata yote yalikuwa na sehemu ya mbele ya kunisifu kidogo na sehemu ya nyuma ya kumwokoa Afande kidogo. Tulipofika nilikuwa sijapata hata moja linalofaa.

Ijumaa asubuhi nilifika ofisini kabla ya kikao, debe la kichujio kwapani. Afande alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, amevaa koti, viatu vimepigwa rangi. Nilimpita bila salamu, kwa sababu kama ningesimama kumsalimu nisingeingia.

Nikamwambia mkuu kosa ni langu. Gari limekunywa maji ya mvua, na nimeyaona kwa macho yangu, safi. Aliniuliza yako wapi. Nikamwambia nimeyamwaga. Akaegemea kiti, akatabasamu kwa huruma, akasema anaelewa. Mimi ni mtu wa mtaani, na mzee ni rafiki yangu, na nataka kumsitiri. Ni jambo zuri, lakini kazi yangu anaijua. Amepitisha magari mangapi kwangu? Ameweka kiganja chake mwenyewe.

Sijawahi kuwa katika hali kama ile. Miaka yote nilikuwa nawalazimisha watu waamini kwamba kazi yangu ni nzuri, na sasa mtu amesimama upande wangu, anaitetea kuliko mimi, na kila neno analolisema linamsukuma Afande nje ya lango. Nilibishana naye. Nilimwambia silikoni ilikuwa mahali pasipostahili. Akasema mimi ndiye bingwa wa silikoni. Nilimwambia dereva alinionya. Akasema basi angemwambia yeye, mkuu wake, si fundi.

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na jagi la maji ya kunywa. Nikalichukua bila kuomba. Nililiweka debe kwenye ukingo wa meza yake, nikamwagia jagi lote kwa juu, pale hewa inapoingilia. Nikamwambia atazame chini. Hakikudondoka kitu. Tulingoja. Karani aliingia na karatasi, akasimama, akangoja na sisi. Chini ya debe kukavu, waya wangu unang'aa.

"Hivi ndivyo lilivyokaa siku tatu," nilisema. Nikatoa kisu, nikakata waya, nikakata mpira, nikachokoa silikoni. Ilichukua muda, kwa sababu niliifunga vizuri. Kisha maji yakatoka yote kwa mara moja, yakapiga sakafu, yakamrukia viatu na soksi.

Mkuu alitazama viatu vyake. Aliuliza kama Afande kweli alisema maneno yale siku ile, mbele ya mafundi wangu. Nikasema aliyasema, na tukamcheka. Akaniuliza kwa nini Jumanne nilisema kazi yangu haina kasoro. Nikainama kuokota vipande vya silikoni sakafuni. Alisema nitalitengeneza gari bila malipo, nikamwambia rodi tayari ninayo, naye akaongeza kwamba gari hilo likitoka kwangu halitarudi, wala jingine lolote la ofisi ile. Akamwagiza karani amwite dereva ndani arudishiwe funguo. Aliagiza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

Nilimngoja Afande nje. Nilitegemea atanishukuru, au atanitukana. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumanne. Mlipoondoka tu."

"Leo Ijumaa."

Nikasema nilikwenda Jinja kutafuta rodi. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza injini. Ndipo akaniambia kwamba Jumatano asubuhi alikwenda kituo cha mabasi. Kondakta mmoja wa basi la kaskazini humpelekea ujumbe kwao. Alimpa barua ya kumpelekea mke wake: kazi imekwisha, nakuja nyumbani, uza mabati. Yalikuwa mabati ya nyumba aliyokuwa akijenga, ameyanunua mawili mawili miaka sita. Mtu asiye na mshahara, alisema, hawezi kuezeka kwa bati huku shamba halina mbegu.

Tulikwenda kituoni pamoja, haraka. Kondakta alikuwepo, amerudi jana yake. Barua alimpa mama mkononi, alisema, na akajivunia hilo. Basi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja.

Afande alinunua karatasi na bahasha dukani, akaviweka mbele yangu juu ya kreti ya soda. Nikamwambia aandike yeye, mwandiko wangu si mzuri.

"Andika wewe," alisema. "Wakiona mkono yangu watafikiri najitetea."

Mke wake alikaa naye kambini Jinja miaka mingi na Kiswahili cha kambini alikijua. Kwa hiyo Afande alisema kwa Kiswahili nami nikaandika. Mimi husaini karatasi za gereji, naandika namba za spea, lakini barua ya mtu kwa mtu sikuwa nimewahi kuandika. Alingoja kila neno mpaka nilimalize. Kazi imerudi. Usiuze mabati. Gari haikuharibiwa na mume wako. Hapo alisimama, akaangalia magari yanavyopita, halafu akaendelea: Iliharibiwa na mimi fundi ninayeandika hii barua. Nilijua siku tatu na sikusema. Niliinua kalamu. Akaniuliza kama nimefika kwenye "sikusema". Nikaandika. Akanionyesha mahali pa kuweka jina langu, nikaweka, na jina la gereji chini yake, kwa mazoea.

Barua ilichelewa. Mabati kumi na manne yalikuwa yameshauzwa kwa jirani. Alinieleza Januari, aliporudi kutoka likizo, akapita gereji kwa miguu. Yaliyobaki yametosha vyumba viwili, cha tatu wamekiezeka nyasi. Nikamwambia yaliyopungua nitayanunua mimi, leo hii, ya geji nzito. Alikataa. Alisema nyasi ina baridi nzuri, na wageni wote wanauliza kwa nini nyumba moja ina paa mbili, na mke wake anapenda kuwaeleza. Anawatolea ile barua, wenye kusoma wanawasomea wengine, mpaka chini kwenye jina langu na jina la gereji.

Kaskazini sijafika mpaka leo. Lakini kuna kijiji huko ambako ninajulikana sana.